Maneno Magumu ya Kiingereza Yasiwe Kitanzi Shingoni Mwetu

Ndugu wananchi, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni maneno magumu ya Kiingereza. Pengine ndugu mmoja atauliza: Je, gazeti la chama limekosa la kusema hata limegeuka kuwa mwalimu wa Kimombo? Twamwomba ndugu huyo asubiri kidogo. Asikilize kwanza habari ya mama mmoja, kisha aamue mwenyewe kama jambo hili ni la chama au si la chama.

Mama huyu ni muuza vitenge, na ni mwanachama mwema. Siku moja alifika kwenye tawi letu akilia, karatasi mkononi. Yeye na wenzake tisa walikuwa wamekopa fedha kwa mkopeshaji mmoja wa mjini, kila mtu na sehemu yake. Mama alilipa sehemu yake yote hata senti ya mwisho. Wenzake wawili wakahama mji bila kulipa. Mkopeshaji hakuhangaika kuwafuata hao wawili, wala hakuwagawia deni wale wanane waliobaki. Alimjia mama huyu peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye duka linaloonekana, akamtaka alipe deni lote lililosalia. Mama akasema, "Mimi nimekwisha kulipa langu." Akaonyeshwa karatasi. Palikuwa na sahihi yake, na juu ya sahihi palikuwa na maneno matatu ya Kiingereza: "jointly and severally".

Tukamwuliza: Mama, siku ya kutia sahihi hukusomewa? Akajibu kwamba alisomewa. Alimwita kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, kijana ambaye mtaa mzima wamsifu kwa Kiingereza chake. Kijana alisoma kwa sauti nzuri, akafasiri kwamba watalipa pamoja, tena watalipa mara kadhaa. Neno "several" alilijua kuwa ni "kadhaa". Hakujua kwamba katika mkataba "severally" ni "kila mmoja peke yake", na kwamba maneno hayo matatu yakikaa pamoja maana yake ni hii: mwenye kudai aweza kuwadai wote kwa pamoja, au kumshika mmoja amtakaye na kumdai deni zima.

Kijana yule hakusema uongo. Alisema alichokijua, lakini alichokijua hakikutosha, na aliyelipa gharama ya upungufu huo si yeye, ni mama. Tulipomwita akaona haya sana. Tukaongea naye, tukakuta kwamba ajua maneno mengi makubwa ya Kiingereza. Ajua "flabbergasted", maana yake kupigwa na bumbuazi. Ajua "magnanimous", maana yake mwenye moyo mkubwa. Aliyapata katika kijitabu cha maneno ya kuwashangaza watu. Maneno hayo ni mazuri, hatuyachukii. Lakini hakuna hata moja kati yake lililomsaidia siku mama alipomwitia.

Basi, ndugu, hilo ndilo jambo letu la leo. Twasema kwamba maneno magumu ya Kiingereza yapasa kusomwa na wananchi, tena kwa bidii. Lakini twauliza: maneno yapi, kwa njia gani, na kwa faida ya nani?

Jambo la karatasi isiyosomeka si geni katika Afrika. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akichukua mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Katika majuma machache tu wenyeji waliwekewa alama zao juu ya karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma, na mwezi wa Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake.

Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia alifanya mkataba na Waitalia mahali paitwapo Wuchale. Katika maandishi ya Kiamhari, kifungu cha 17 kilisema kwamba Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia anapotaka kuzungumza na mataifa mengine. Katika maandishi ya Kitaliano kifungu hicho kilimfunga kuitumia. "Aweza" huku, "lazima" kule! Kwa neno hilo Italia ikautangazia ulimwengu kwamba Ethiopia iko chini yake. Menelik akaukana mkataba, na shauri likamalizwa kwa bunduki huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, Waitalia wakashindwa vibaya. Si kila mtu ana jeshi la Menelik la kusahihisha kosa la tafsiri.

Jirani zetu Wamasai wa Kenya hawakuwa nalo. Mwaka 1904 walitiliana mkataba na Waingereza, wakahamishwa kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, wakaahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote watakapokuwapo Wamasai duniani. Haikupita hata miaka kumi. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwahamisha tena, sasa kutoka Laikipia. Wamasai wakaenda mahakamani mwaka 1913. Mahakama haikuuliza kama wameonewa au hawakuonewa. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa "treaty", yaani mkataba wa taifa na taifa, na kwa hiyo mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyasikiliza. Siku ya kuwatawala walikuwa raia wa kutawaliwa, siku ya kudai haki wakawa taifa la kigeni! Mlango ulifungwa kwa neno moja.

Lakini historia hiyo hiyo yatuonyesha upande wa pili. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru hawakukaa kulia tu. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa huko New York, na wakili Earle Seaton akawa msaada wake. Baraza lile halikuwarudishia ardhi, lakini ulimwengu mzima ulisikia. Na mwezi wa Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, akalidai taifa letu kwa Kiingereza ambacho hakuna mkubwa aliyeweza kukibeza. Hakwenda kule kuonyesha kwamba amesoma Edinburgh. Alikwenda na shauri la watu, na maneno yakawa chombo chake cha kulifikisha.

Sasa wako wasemao, "Hii ni kasumba. Mkoloni ameondoka, na lugha yake iondoke naye. Sisi tuna Kiswahili." Ndugu hao twawaheshimu, kwa maana moyo wao ni mwema. Sisi pia twakipenda Kiswahili, na hakuna atakayetufundisha kukipenda. Lakini kumchukia mbu hakuzuii malaria. Mikataba ya mikopo bado yaja kwa Kiingereza. Vitabu vya uganga, vya mitambo na vya hesabu za biashara aghalabu ni vya Kiingereza. Mtoto wetu akimaliza shule ya msingi ya serikali, ambako amesoma kwa Kiswahili, aingia kidato cha kwanza akute masomo karibu yote kwa Kiingereza. Kumwambia mtoto huyo kwamba Kiingereza ni kasumba, kisha kumwacha hapo, ni kumtupa mtoni kwa sababu hatuyapendi maji.

Tena tusiwaogope Waingereza kana kwamba walizaliwa na maneno hayo vinywani. Wao wenyewe walitawaliwa. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakawashinda, na kwa karne nyingi wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa, na maandishi ya serikali na kanisa yalikuwa ya Kilatini. Mwananchi wa Uingereza alihukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Mwaka 1362 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa hakikujulikana na watu. Kwa hiyo maneno mengi yanayoitwa magumu katika Kiingereza si ya Kiingereza kwa asili. Ni mabaki ya Kifaransa, Kilatini na Kigiriki. Hata Mwingereza wa kawaida yalimshinda, ndiyo maana mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alichapisha kamusi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno kama 2,500, na yote yalikuwa ni maneno magumu tu, yakifafanuliwa kwa maneno mepesi kwa ajili ya watu wasiopata elimu kubwa. Kama Mwingereza alihitaji kamusi ya kumfundisha lugha yake mwenyewe, basi Mswahili anayeihitaji ana haya gani?

Wala kuazima si aibu. Sisi tulipata "kitabu" kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani. Waingereza nao walichukua "safari" kwetu, na leo "uhuru" na "ujamaa" yamo katika kamusi zao.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Twajifunzaje?

Kwanza, msingi kabla ya paa. Mwaka 1953 mwalimu Michael West, aliyefundisha Bengal kwa miaka mingi, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yatumikayo zaidi. Maneno hayo peke yake hufanya kama maneno manane katika kila kumi ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha nyingine ya jamaa 570 za maneno yanayorudi rudi katika vitabu vya vyuo, nayo hufanya kama neno moja katika kila kumi la vitabu hivyo. Tazameni basi! Anayerukia "flabbergasted" naye hajayamaliza yale 2,000 ni kama mjenzi anayenunua bati naye hajachimba msingi. Anza na ya kila siku. Kisha ingia katika maneno ya kazi na ya elimu. Yale ya kushangaza watu yatakuja yenyewe, au yasije, bila hasara.

Hesabu yake haitishi. Maneno kumi kwa juma ni maneno 520 kwa mwaka. Mtu ahitaji daftari moja, kalamu, kamusi moja ya tawi, na nusu saa jioni. Mwenye kusema hana nusu saa, na atazame saa ngapi amekaa barazani akiongea habari za mpira.

Pili, shika mzizi. Sisi watu wa Kiswahili twalijua jambo hili kuliko wengi. Ukishika mzizi wa "soma", wapata somo, msomi, msomaji, masomo, somesha, someka. Maneno magumu ya Kiingereza nayo yana mizizi yake. Ukijua kwamba mkia "-itis" wa Kigiriki katika uganga ni uvimbe wenye kuuma, basi "hepatitis" ni wa ini, "arthritis" ni wa viungo, "gastritis" ni wa tumbo la chakula. Ukijua kwamba "hyper" ni kupita kiasi na "hypo" ni kupungua chini ya kiasi, hutachanganya karatasi mbili za daktari ambazo zafanana kwa jicho na kupingana kwa maana. Mzizi mmoja wafungua milango kumi.

Tatu, jihadhari na maneno yanayojifanya marafiki. Hili ndilo lililomnasa kijana wetu. Katika sheria "consideration" si fikira, ni kile ambacho kila upande watoa ili mapatano yawe na nguvu. "Instrument" si zeze wala ngoma, ni hati. Na ukiambiwa uende "execute" hati yako, usikimbie ukidhani kuna mtu wa kunyongwa. Maana yake ni kuitia sahihi na kuikamilisha. Vivyo hivyo "shall" ni amri na "may" ni ruhusa, na tofauti yake twaijua tangu Adwa. Kwa hiyo neno lolote lisisomwe peke yake kama mtoto yatima. Liandike pamoja na jamaa zake, yaani sentensi nzima ulimolikuta.

Nne, rudia, kisha fundisha. Neno lililosomwa mara moja ni mgeni wa usiku, asubuhi huliona. Lirudie kesho, lirudie juma lijalo, lirudie mwezi ujao, bila kutazama jibu kwanza. Halafu mweleze mwenzio kwa Kiswahili chepesi. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili, ujue bado hukulielewa kwa Kiingereza. Kipimo hiki hakidanganyi.

Twafikiri kila tawi laweza kuwa na darasa la namna hii jioni moja kwa juma. Wasomi wetu waje, na karatasi za kweli ziletwe: hati ya mkopo, mkataba wa pango, maelezo ya dawa, barua ya kazi. Tusome tulicho nacho mkononi.

Lakini, ndugu, hapa twataka kusema neno kali kidogo, na linawahusu viongozi wetu na sisi waandishi pia. Iko hatari ya kumwondoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Tumewaona watu waliojifunza maneno magumu, na mara wakawageuzia wenzao maneno hayo kama ukuta. Kiongozi apanda jukwaani mbele ya wakulima, na kila sentensi atia "paradigm" na "stakeholders" na "holistic". Wazee wapiga makofi. Wapiga makofi kwa nini? Si kwa kuwa wameelewa, bali kwa adabu tu. Mwingine ataka kupunguza watu kazini, naye asema ni "restructuring". Aliyefukuzwa arudi nyumbani hajui kama amepandishwa cheo au ameachishwa kazi. Mwandishi wa Uingereza George Orwell aliwaonya wananchi wenzake mwaka 1946 kwamba katika siasa maneno marefu na ya kuzunguka hutumika kufunika mambo yasiyopendeza, na kwamba neno fupi likitosha lisiachwe kwa ajili ya refu. Kama onyo hilo liliwafaa Waingereza katika lugha yao, sisi latufaa mara mbili.

Kanuni yetu na iwe hii: tujifunze maneno magumu ili tuyaelewe yakisemwa juu yetu, si ili tuwasemee wasioyaelewa. Mtu mwenye nguo nzuri huitambua kanzu ya kila mtu, lakini halimi kwa suti.

Mfano mwema tunao. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza cha Shakespeare, cha karne nne zilizopita, kigumu kuliko chochote. Alikifanyia nini? Alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kisha "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Aliingia ghalani kwa watu, akachukua mzigo, akauleta nyumbani. Hakukaa mlangoni mwa ghala akituringia ufunguo.

Na mwisho, kujifunza huku kusitufanye tuache kudai. Mwaka 1967 Kiswahili kilipewa nafasi yake katika kazi za serikali yetu, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ilichukua zaidi ya miaka 50 mpaka Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Waingereza walianza mwaka 1362, na kazi yao haikwisha siku moja. Hata karne ya 18 walikuwa bado wanatunga sheria ya kuondoa Kilatini katika maandishi ya mahakama zao. Basi nasi tusichoke. Twadai kwamba kila mkopeshaji, kila mwenye nyumba na kila mwajiri anayemwekea mwananchi karatasi ya kutia sahihi, aiweke kwa Kiswahili pia. Mtu asifungwe kwa kamba asiyoiona.

Wenye kujua maneno magumu ndio hasa wa kuifanya kazi hiyo. Ni nani atakayeyahamisha mpaka Kiswahili ikiwa hakuna anayeyaelewa? Kwa hiyo kujifunza Kiingereza vizuri na kukijenga Kiswahili si maadui wawili. Ni jembe na mpini.

Mama yetu wa vitenge bado analipa. Wanachama wa tawi wamemchangia kidogo, na wakili mmoja amekubali kumsikiliza wale wawili waliotoroka wakitafutwa. Kijana naye hakukimbia mtaa. Amenunua daftari, na kila Jumatano jioni huja ofisini petu na wenzake saba, wakisoma karatasi za watu kabla hazijatiwa sahihi. Neno la kwanza katika daftari lake ni "severally", na mbele yake ameandika kwa mkono wake: kila mmoja peke yake.

Ndugu wananchi, wewe tawi lako lina daftari? Kama halina, juma hili lianze.